Zege Tupu Si Ukweli Mtupu

Kuna maneno ambayo yakiingia mjini huingia na mizigo yake, na mwenyeji asipoikagua mizigo hiyo hujikuta anamlisha mgeni asiyemjua. Miongoni mwa maneno hayo ni haya yanayosikika kwa baadhi ya wasanifu majengo na matajiri wao: kwamba nyumba bora ya wakati wetu ni ile iliyofinyangwa kama sanamu, kwa zege lisilopigwa lipu wala kupakwa rangi, kwamba zege la namna hiyo ni "kweli", ilhali lipu na chokaa ni "urembo", yaani uongo uliopambwa. Majumba hayo husifiwa katika majarida yenye karatasi za kung'aa, na sasa yanatamaniwa hata kwenye fukwe zetu. Nimeshika kalamu kuyapinga madai hayo. Silipingi zege. Napinga hoja inayolivisha zege joho la ukadhi na kulikalisha kwenye kiti cha kuhukumu nyumba za wengine.

Atakayeuliza mshairi ana biashara gani na kokoto, nitamjibu kuwa mjadala huu haukuanzia kwenye kokoto. Umeanzia kwenye maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Basi na tuanze na jina.

Wafaransa husema béton brut. Neno brut kwao ni sifa ya kitu ambacho hakijasafishwa wala kutiwa mkono wa mwisho. Jina hilo lilienea kwa sababu ya msanifu Le Corbusier na jumba lake kubwa la Marseille lililomalizika mwaka 1952, lenye makazi 337 ndani yake. Vita vilikuwa vimekwisha, chuma kilikuwa adimu, na kazi ilipita katika mikono ya makandarasi wengi wasiolingana ustadi. Mbao zilipobanduliwa, zege lilitoka na makunyanzi, viraka na mistari isiyokutana. Mwenyewe hakuona haya. Akayaita makunyanzi yale uso wa mwanadamu na kuyaacha yaonekane. Ulikuwa ujasiri, nami simnyimi heshima yake. Lakini tuliweke wazi tangu sasa: uzuri ule haukuteremka mbinguni ukiwa sheria. Ulizaliwa na dhiki na haraka, kisha dhiki ikatafutiwa falsafa.

Neno lilipovuka mkono wa bahari kwenda Uingereza lilibadilika ladha. Mwaka 1953 Alison Smithson aliandika juu ya ubrutali mpya, na mwaka 1955 Reyner Banham akalieneza jina hilo kwa makala yake mashuhuri. Na katika masikio ya Waingereza lina harufu ya ukatili ambayo Mfaransa hakuikusudia. Na sisi je? Tukisema "zege bichi", fundi atadhani twataja lile lililochanganywa sasa hivi na halijashika. Tukisema "zege uchi", tumekwisha kukiri kuwa ipo nguo iliyovuliwa. Tukisema "zege ghafi", tumekaribia sana. Lakini mali ghafi kwa Mswahili ni mali inayongoja kufanyiwa kazi, na hakuna aonaye fahari kuishi ndani ya kitu kinachongoja. Mimi nachagua "zege tupu", kwa kuwa neno tupu lina pande mbili: lisilochanganyika na kingine, na lisilo na kitu ndani. Msomaji ataamua mwenyewe ni upande upi unaozifaa nyumba hizi.

Dai la kwanza ni la ukweli. Wanasema: zege lisilofunikwa halifichi kitu, linaonekana lilivyo. La hasha! Zege la kisasa ndilo jengo lenye siri kubwa kuliko yote. Peke yake zege hustahimili kubanwa, halistahimili kuvutwa. Boriti ya zege isiyo na chuma hukatika kama biskuti. Kinachoibeba ni nondo, na nondo haionekani kamwe. Mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipopata hati ya uvumbuzi mwaka 1867 kwa vyombo vyake vya kupandia mimea, alikuwa ametia wavu wa chuma ndani ya saruji. Tangu siku hiyo mwenye kufanya kazi amefichwa na asiyefanya nusu ya kazi ndiye aliyeachwa barazani apokee sifa. Boriti za mikoko za nyumba zetu za kale zilikuwa wazi juu ya kichwa cha mlalaji; aliweza kuzihesabu kabla ya kusinzia, na ikioza moja ataiona. Ni nyumba ipi kati ya hizo mbili iliyo na haki ya kuitwa ya kweli?

Tena, ile michirizi ya mbao inayopendwa usoni mwa zege tupu ni nini kama si alama ya kitu kisichokuwepo? Seremala alijenga nyumba nzima ya mbao, zege likamwagwa ndani yake, kisha nyumba ya seremala ikavunjwa. Penye umbo la kupinda na kujinyonga kama kombe la pwani, mbao zile hukatwa kwa kipimo cha pembe hiyo moja tu na aghalabu hazifai tena kwa kazi nyingine. Na zege linalosifiwa kuwa halina nguo mara nyingi hupakwa dawa ya kuzuia maji isiyoonekana kwa macho. Hilo si uchi. Ni vazi la kioo, na mwenye vazi la kioo hana ruhusa ya kumcheka aliyevaa kanzu.

Wapenzi wa mashairi wanaujua mgogoro huu kwa jina jingine. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria zake za utunzi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na uwanja ukafuka vumbi. Waliotetea vina na mizani waliambiwa wamefungwa minyororo. Walioviacha waliambiwa wanaandika magazeti kwa mistari mifupi. Miaka imepita, na kilichobaki baada ya vumbi kutua ni jambo moja: kuacha vina hakumfanyi mtu kuwa mkweli, na kufuata vina hakumfanyi kuwa mwongo. Anayeviacha amejitwisha mzigo mzito zaidi, maana hana tena cha kumsitiri. Neno likilegea, linaonekana limelegea. Msomaji wa diwani humjua mara moja aliyeviacha vina kwa kuwa anaviweza na amepata njia yake, na aliyeviacha kwa kuwa vilimshinda.

Zege tupu nalo ni hivyo hivyo. Lipu husamehe, zege tupu halisamehi. Anayelijua hilo kuliko wengi ni Tadao Ando wa Osaka, aliyezaliwa mwaka 1941, mpiga ndondi wa zamani ambaye hakupitia chuo cha usanifu bali alijisomea mwenyewe. Sisi tuliojifunza kwa mishumaa yetu wenyewe tunamtazama mtu huyo kwa fahari. Zege lake ni laini kama hariri, limepimwa kwa vipande vinavyolingana na mkeka wa Kijapani, na kila tundu la kufungia mbao limepangwa mahali pake kama kituo katika mshororo. Ulaini huo ni kazi ya maseremala na waashi waliorithi ustadi wa vizazi. Anayeiga rangi ya kijivu bila kuuiga ustadi huo ni sawa na anayeandika bila vina kwa sababu ya uvivu, kisha anauita uvivu wake uhuru.

Dai la pili ni kwamba nyumba ni sanamu. Hapa ndipo tofauti yetu inapokuwa ya malezi. Sanamu hutazamwa kutoka nje. Mtu huizunguka, huishangaa, huondoka. Nyumba hukaliwa kutoka ndani, na ndani mna mgonjwa, mna mzazi, mna bibi anayeamka usiku kutafuta maji ya kutawadha. Wahenga wetu walilimaliza suala hili kwa maneno machache: nyumba njema si mlango. Nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja iliupa mtaa mgongo wake wa chokaa, baraza la kukalia wapita njia na mlango wa heshima, basi. Utukufu wake uliwekwa ndani, penye kiwanda kinachovuta upepo na mwanga, penye ukuta wa vidaka vilivyochongwa katika lipu, ambavyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivitaja katika Al-Inkishafi alipotaka kutuonyesha ukiwa wa Pate. Tuzingatie: mshairi yule alipotafuta alama ya dunia iliyokwisha hakuchagua umbo la nje la jumba. Alichagua ukuta wa ndani, mahali ambapo mkono wa mwenye nyumba uliweka sahani.

Jumba la sanamu hufanya kinyume chake. Humpigia kelele mpita njia na mpiga picha, na mwenyeji akishaingia ndani huachiwa pembe ambazo kabati haliegemei, dirisha lisilofungika pazia, na kuta ambazo msumari hauingii. Kizuri chajiuza, hiki hujitembeza. Na ajabu ni kwamba mabingwa wenyewe hawakufanya hivyo. Nyumba iliyompatia Ando jina ni ile ya Sumiyoshi ya mwaka 1976: kijumba chembamba kati ya majirani, ukuta wake wa mbele hauna hata dirisha moja, na ndani yake theluthi ya katikati ni ua usioezekwa. Mwenye kutoka chumbani kwenda msalani wakati wa mvua hulowa. Mtu anaweza kuilaumu kwa hilo, na walimlaumu. Lakini kijumba hicho kilichoupa mtaa mgongo na kuiweka mbingu katikati yake kiko karibu na Lamu kuliko yote yanayochorwa leo kwa jina lake. Waigaji wameona rangi ya ukuta, ua hawakuuona.

Nimefika kwenye dai la tatu, ambalo halisemwi kwa sauti lakini ndilo linaloyabeba mengine: kwamba zege ni jiwe, na jiwe ni la milele. Hapa lazima tuwaachie maneno bahari na hewa.

Saruji ikishaganda huifunika nondo kwa uchungu unaofanana na wa chokaa kali, na katika uchungu huo chuma hakishiki kutu. Ulinzi huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya taratibu kwenye vinyweleo vya zege na kuuzimua uchungu ule. Wa pili ni chumvi, ambayo haingoji uchungu uzimuliwe. Ikimfikia nondo humtoboa. Kutu inapoanza, hujaza nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilicholiwa, na kwa kuwa ndani ya zege hapana pa kutanukia, hulipasua zege kutoka ndani. Kwanza huonekana ufa mwembamba, kisha doa la rangi ya chai, kisha kipande kinaanguka na nondo inachungulia kama mbavu za punda mwenye njaa. Mkazi yeyote wa pwani ameyaona haya chini ya veranda iliyojengwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa. Vitabu vya uhandisi hutaka, karibu na bahari, zege lenye unene wa sentimita 4 hadi 5 au zaidi mbele ya nondo. Nani amekwenda na rula kukagua hilo katika ukuta unaojinyonga kama shungi la jogoo?

Sasa tuitazame chokaa inayodharauliwa. Matumbawe huchomwa kwenye tanuu, hewa ya ukaa ikatoka. Chokaa huzimwa kwa maji, hupigwa ukutani, na baada ya hapo huivuta tena hewa ile ile polepole mpaka irudi kuwa jiwe. Hewa inayoondoa ulinzi wa nondo ndiyo inayoipa chokaa nguvu. Ukuta wa chokaa hupumua: maji yakiingia hutoka. Uso wake mweupe hulirudisha jua lilikotoka, ilhali ukuta wa kijivu hulimeza mchana kutwa na kulitapika usiku, saa ambayo watoto wanatafuta usingizi. Tena masika mawili tu huuchora ukuta huo michirizi myeusi ya ukungu. Na chokaa haijidai kuwa ya milele. Hupakwa upya, kwa desturi wakati sikukuu zinapokaribia, na kila koti jipya ni ahadi kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Waliotufundisha kuiita chokaa urembo hawakujua kuwa kwetu ni ngozi, na ngozi kazi yake ni kufa kidogo kidogo ili mwili uishi.

Anayetaka ushahidi kutoka kwa walimu wa zege tupu wenyewe na apande mlima wa Ronchamp, huko Ufaransa. Kanisa dogo ambalo Le Corbusier alilimaliza mwaka 1955 hutajwa kila mahali kuwa kilele cha jengo lililo sanamu. Paa lake, ambalo alisema alilipata kutoka kwenye gamba la kaa, ni zege tupu kweli. Lakini kuta zake, ambazo ndani yake mna mawe ya kanisa la awali lililobomolewa na vita, zilirushiwa saruji kisha zikapakwa nini? Chokaa nyeupe! Bingwa alijua kuwa kijivu hakionekani kuwa kijivu mpaka kiwe na weupe ubavuni. Wanafunzi wake wamelichukua paa, wamezisahau kuta.

Na anayetaka ushahidi wa umri na aende Roma, ambako kuba la Pantheon, lenye upana wa mita 43, limesimama tangu karne ya pili: ni zege la chokaa na majivu ya volkano, bila nondo hata moja. Au asiende mbali, avuke tu hadi Kilwa Kisiwani, atazame kuba za msikiti mkuu, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, katika mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Pwani hii ilikuwa na zege lake kabla Joseph Aspdin hajapata hati ya saruji ya Portland mwaka 1824. Sakafu na dari zetu zilikuwa kokoto za matumbawe na chokaa, zikapondwa kwa vigongo na nyimbo mpaka zikashikana. Anayetuletea zege kama habari mpya hajauliza yuko wapi.

Najua nitakavyojibiwa. Wataniambia: wewe wataka tuishi makumbusho, na hizo nyumba za chokaa mbona zinaanguka? Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilibomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, ikaua watu wawili. Na mji wenyewe u kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa. Naam, nyumba za chokaa huanguka. Huanguka paa likivuja na lisizibwe, boriti ikioza na isibadilishwe, na huanguka haraka zaidi ukuta wa matumbawe unapopigwa lipu ya saruji, maana saruji huyafungia maji ndani na ukuta ukaoza ukiwa umevaa vizuri. Lakini tazama hoja hiyo inakoelekea. Ikiwa tumeshindwa kuitunza nyumba ambayo ugonjwa wake unaonekana kwa macho na dawa yake ni ndoo ya chokaa na fundi mmoja, tutaitunzaje ile ambayo ugonjwa wake umefichwa ndani ya nondo na dawa yake inaagizwa kwa meli? Upungufu wa utunzaji si hoja ya kuliacha vazi linalofulika. Ni hoja ya kulifua.

Wala sisemi turudi kwenye boriti na matumbawe. Mikoko ina haki ya kuishi, na matumbawe hali kadhalika. Watu ni wengi, na majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa michoro ya wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yalithibitisha, kwa kasoro zake zote, kuwa zege laweza kuwapa makazi wasiokuwa nayo. Zege na litumiwe pale linapofaa: msingi, nguzo, boriti, sakafu ya juu. Lakini tulitumie kwa aibu ya anayejua gharama zake, maana utengenezaji wa saruji pekee unakadiriwa kutoa asilimia 8 hivi ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu, na visiwa ndivyo vitakavyolipa kwanza bahari ikipanda. Kulimwaga zege la ziada ili jumba lipate shingo ya twiga ni kuikopa bahari riba.

Anayetaka licha ya yote haya kujenga kwa zege tupu katika pwani hii, simzuii. Namwekea masharti kama ambayo mshairi huwekewa anapotaka kuacha vina. Aoshe mchanga. Aipe nondo kina chake. Auweke ukuta chini ya upenu wa kutosha ili mvua isiupige usoni. Aache ua katikati. Ajenge umbo ambalo fundi wa mtaani ataweza kulikarabati. Na kabla ya kuliita jumba lake kweli, msanifu alale humo, yeye na mama yake, masika kumi. Baada ya hapo tutamsikiliza.

Na kwa wanaofundisha ujenzi nina ombi moja, nalo ni zito kuliko masharti yale. Mafundi wanaojua kuchoma, kuzima na kupiga chokaa wanapungua kila mwaka, na anapokufa mmoja anakufa na kipimo chake mkononi. Wafundisheni vijana chokaa kama mnavyowafundisha zege. Lugha iliyopoteza vina vyake haiwezi kujisifu kuwa imeviacha kwa hiari, na mji usiojua tena kupiga lipu ya chokaa hauna haki ya kusema kuwa umechagua zege tupu.